Escudo kuukuu visiwani: kuilinda na chumvi, kuikwamua mchangani

Gari la foo-wili la miaka ya 1990 likiwa bara huchoshwa na kilomita. Unguja na Pemba kilomita zenyewe haziko: kutoka Mjini mpaka Nungwi ni kama 60 tu, na kisiwa kimekwisha. Hapa gari huliwa na chumvi. Ndiyo maana utakuta Escudo ambayo injini yake inaunguruma vizuri kabisa, lakini ukichoma chesisi kwa bisibisi, bisibisi inazama.

Mwongozo huu unaishika Suzuki Escudo ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kutoka 1988 na ambayo katika nchi nyingi nje ya Japani iliitwa Vitara, yenye chesisi kamili na injini ya petroli ya lita 1.6. Mwenye Jimny, Land Cruiser au Land Rover ataufuata vilevile. Penye tofauti tumesema.

Kuosha ni matengenezo, si urembo

Gari likigusa ufukwe lioshwe siku hiyohiyo. Chumvi kavu haina haraka na chuma. Inayokula ni ile inayovuta unyevu wa usiku na kugeuka maji tena, kwa hiyo gari lililorudi jioni likaachwa mpaka asubuhi limelala usiku kucha ndani ya maji ya bahari. Wakati wa kusi, gari linalolazwa jirani na ufukwe wa mashariki lioshwe chini angalau mara moja kwa wiki hata kama halikukanyaga mchanga, kwa sababu upepo unalipelekea.

Kabla ya kuosha, onja maji. Visima vingi vya pwani, upande wa Paje, Jambiani na Matemwe, vina chumvichumvi, na anayeosha kwa maji hayo anaondoa mchanga na kuacha chumvi mpya. Kama huna mengine, toa mchanga kwa maji ya kisima, kisha suuza chini yote kwa ndoo mbili tatu za maji ya mvua au ya bomba.

Anza chini. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chesisi, moja baada ya jingine, mpaka maji yatoke meupe upande wa pili. Watu wengi huosha chesisi nje, na yenyewe inaoza kwa ndani. Halafu juu ya ekseli ya nyuma, vikalio vya springi, ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya bampa. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji: vizibue kwa waya mwembamba, la sivyo mlango unakuwa ndoo. Mashine ya presha usiielekeze kwenye oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja), krosi za propela wala altaneta, maana inasukuma maji yasikotakiwa. Ukimaliza, endesha dakika kumi ukigusa breki mara kwa mara ili dramu zikauke.

Hendibreki usiivute usiku baada ya kutoka baharini. Breki shuu hugandana na dramu, na asubuhi gari halisogei. Liache kwenye gia na uweke kabari.

Kutu ya chesisi

Fanya kazi hii wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Masika rangi haishiki.

Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kigae au ya boksi la karatasi. Zingatia sehemu ya nyuma inapopanda juu ya ekseli, mahali mikono ya ekseli inapofungwa, na chini ya mipira ya bodi. Kwenye Land Rover tazama boriti ya mwisho nyuma na mikono inayobeba bodi pembeni. Bodi yake ya alumini haishiki kutu nyekundu, lakini popote alumini inapogusana na chuma utaona unga mweupe, na hapo inaliwa.

Palipo na kutu ya juu tu: osha, acha likauke siku mbili, piga brashi ya waya mpaka chuma kizima kionekane, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforasi na uisubiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha rangi ya kwanza ya zinki mikono miwili, halafu rangi nyeusi ya chesisi. Ndani ya chesisi puliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaleyale uliyooshea. Penye tundu, kata mpaka ufike chuma kizuri, kisha chomea bati la milimita 3. Kuchomea kiraka juu ya kutu ni kuifunika tu. Mwaka hauishi, kiraka kinaning'inia. Kabla ya kuchomea toa waya wa hasi wa betri, na kama ni karibu na tangi la petroli, tangi lishuke.

Kuhusu oili chafu inayopakwa chini ya gari: inazuia kutu, hilo hatukatai. Lakini inalainisha bushi za mpira mpaka zinapasuka, inanasa mchanga wenye chumvi, na ikidondokea breki pedi umepoteza breki. Nta ni ghali zaidi, ila ndiyo tunayoipendekeza. Anayeshikilia oili basi aipake ndani ya chesisi tu.

Mabomba ya breki yanastahili onyo la peke yake. Bomba la chuma linalopita juu ya ekseli ya nyuma hukusanya mchanga mahali lilipobanwa na klipu, na huozea hapohapo, chini ya klipu, usipopaona. Fungua klipu zote mara moja kwa mwaka. Bomba lililovimba kutu libadilishwe lote kwa la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lisiungwe. Vali inayogawa breki ya nyuma kulingana na mzigo, kama gari lako inayo, mkono wake hugandishwa na chumvi. Uusogeze kwa mkono na uupake grisi. Mafuta ya breki hunywa unyevu, na hewa ya visiwani inao wa kutosha, hivyo yabadilishwe kila miaka miwili.

Oili, habu na foo-wili yenyewe

Difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ikiwa ya moto ikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na difu inavuta maji kupitia kipumulio chake au oili sili. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa magari ya ufukweni. Tiba ni ya bei rahisi: toa kipumulio cha ekseli, funga mpira wa petroli wa mita mbili hivi, uupandishe mpaka juu ndani ya boneti na mwisho wake uuvike filta ndogo ya petroli. Fanya hivyo kwa difu zote mbili na, ikiwezekana, giaboksi na transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma).

Kila miezi sita fungua nati ya kujazia ya kila difu na uchovye kidole. Oili nyeusi au ya kahawia ni sawa. Ikiwa kama chai ya maziwa, ina maji, imwage leo. Sheria moja isiyovunjwa: fungua nati ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Wapo waliomwaga oili yote kisha wakakuta nati ya juu imeshikwa na kutu haifunguki, gari likabaki juu ya mawe. Jaza oili ya gia ya 80W-90 mpaka ianze kutoka kwenye tundu, gari likiwa sawasawa.

Beringi za mbele: inua gurudumu, likamate juu na chini, lisukume na kuvuta. Likicheza, ama beringi imelegea ama boljointi imekwisha. Mtu wa pili akikanyaga breki na mchezo ukapotea, ni beringi. Kila masika yakiisha zifungue, zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, uzishindilie grisi ya kuhimili maji ya bahari, na oili sili uweke mpya. Oili sili ya zamani kurudishwa ni akiba ya kijinga.

Washa foo-wili mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya vumbi au mchanga, kilomita mbili tatu, hata kama huihitaji, ili vyuma visigandane. Kwenye lami kavu usiiwashe: Escudo haina difu ya kati, magurudumu ya mbele na nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na transfa inajikaza mpaka kitu kivunjike. Na ujue habu zako, vile vitovu vinavyoyaunganisha magurudumu ya mbele na foo-wili, ni za aina gani. Za kufunga kwa mkono zifungwe kabla hujakanyaga mchanga. Za kujifunga zenyewe za zamani nyingi hujifungua ukirudi nyuma, kwa hiyo ukikwama ukaanza kwenda mbele na nyuma haraka haraka, unajikuta una magurudumu mawili tu bila kujua.

Taiming belti ya injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari likija bila historia, hesabu kwamba belti haijabadilishwa. Weka belti, beringi yake ya kukazia, oili sili za mbele na pampu ya maji kwa mpigo mmoja. Rejeta ipewe maji ya mvua au yaliyochujwa pamoja na kulanti, nusu kwa nusu, kamwe si ya kisima cha pwani. Na fundi akitaka kutoa themostati "kwa sababu huku joto", mkatalie. Injini isiyofika joto lake hunywa petroli na kujaza tope kwenye oili. Ikiwa inachemka, tatizo ni rejeta iliyoziba au feni.

Umeme ukianza vituko, taa zikififia au stata ikipiga "tak" moja, usinunue betri kwanza. Fungua waya wa hasi unaoshikana na bodi na injini, futa ukijani kwa msasa, kaza, paka vaselini. Betri iliyopumzika isome volti 12.6, injini ikiwaka, 13.8 mpaka 14.4.

Kusoma mchanga na maji

Mchanga ulioachwa na maji sasa hivi, wenye mikunjo midogo, huwa mgumu. Ule mweupe mkavu juu ya alama ya maji kujaa ndio unaozamisha. Karibu na mikoko, kama Chwaka, ukiona tope la kijivu au jeusi lenye harufu ya yai bovu, simama: halina chini. Usipite kwenye mashamba ya mwani wala kwenye fukwe wanakotaga kasa.

Kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita na dakika kumi, lakini hayapandi sawa. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili; ya pili, mbili; ya tatu na ya nne, tatu tatu; kisha hupungua. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hufika karibu mita 4, maana yake ndani ya saa ya tatu peke yake maji yanaweza kupanda mita nzima, na kwenye ufukwe bapa wa mashariki mita moja ya kwenda juu ni mamia ya mita ya kuja kwako. Ingia maji yakiwa bado yanapwa, yasiwe yameshaanza kurudi. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, yanasamehe zaidi.

Upepo wa tairi ndio foo-wili ya kweli. Barabarani Escudo hutembea na paundi 26 hivi. Mchangani shusha mpaka 15 au 16, gari zito kama Land Cruiser mpaka 18. Tairi inalala, inakuwa ndefu, haichimbi. Lakini ukihamia kwenye maweni, rudisha upepo kwanza, kwa sababu ubavu wa tairi laini ukivimba pembeni unachanwa na jiwe la matumbawe kama wembe, na ubavu hauzibiki. Chukua kipimo cha upepo, kompresa ya volti 12, koleo, ubao wa sentimita 40 kwa 40 wenye unene wa 4 wa kuwekea jeki, na mkanda wa kuvutia.

Gari limezama: hatua kwa hatua

Mwendo ukikufa, toa mguu. Sekunde tano za kuzungusha magurudumu ndizo zinazogeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya saa mbili.

1. Abiria washuke. Chomeka kijiti pale maji yalipo sasa na umpe mtu kazi ya kukitazama.

2. Chungulia chini. Kama difu au chesisi imekalia mchanga, hakuna gia itakayosaidia mpaka uchimbue hapo. Kama imeelea, una bahati.

3. Shusha upepo wa tairi zote nne mpaka 15. Ikishindikana baadaye, 12, na hapo usikate kona kwa nguvu wala kuzidi mwendo wa kutembea, tairi itavuka rimu.

4. Chagua kurudi nyuma. Njia uliyojia umeshaikanyaga, imeshindiliwa, mbele hujui.

5. Chimba upande unaotaka kwenda: kwa kila gurudumu mteremko mpole wa mita moja. Watu hupenda kuchimba shimo la wima mbele ya tairi, na tairi haipandi ukuta. Toa mchanga wote chini ya difu.

6. Tandika makuti kwenye mteremko, mabua yakiwa kando kwa kando, yakatize njia ya tairi, na uyachomeke chini ya tairi kadiri uwezavyo. Magunia pia yanafaa. Mbao zenye misumari hapana. Tairi huzirusha nyuma kwa kasi, na nyuma kuna watu.

7. Weka 4L, yaani foo-wili ya gia nzito. Usukani unyooke. Gia ya pili kama unakwenda mbele. Rivasi ni moja tu, basi achia klachi polepole na mguu mwepesi. Wasukumaji wakae pembeni mwa gari, hakuna anayesimama moja kwa moja nyuma au mbele yake. Likishatembea usisimame mpaka ufike pagumu.

Gurudumu likiwa shimoni kabisa, inua kwa jeki juu ya ubao, jaza shimo mawe au makumbi, teremsha. Mkono wala mguu usiingie chini ya gari lililoko kwenye jeki mchangani.

Udongo wa Pemba ni habari nyingine. Kinamo cha mabondeni, pembeni mwa mashamba ya mpunga, kinanyonya: tairi ikitaka kutoka hakuna hewa ya kuingia chini yake, ndiyo maana unasikia ule mlio wa kufyonza. Chimba pembeni ya gurudumu mpaka hewa ipite, kisha ndiyo uvute. Kwenye miteremko myekundu baada ya mvua, kushusha upepo husaidia kidogo tu. Kinachosaidia ni makucha ya tairi yaliyo safi. Zungusha usukani kushoto na kulia taratibu ili ubavu wa tairi ukamate, na ukiteleza kuelekea mtaroni achia breki, uelekeze magurudumu unakokwenda.

Kuvutwa na gari jingine

Pete ndogo chini ya magari yaliyotoka Japani ziliwekwa kwa kuyafunga melini. Zikivutwa kwa nguvu zinang'oka na kuruka. Funga kwenye ndoano ya kuvutia iliyobolitiwa kwenye chesisi, na kamwe si kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela: ukikatika ni risasi.

Makadirio ya nguvu: gari lililozama mpaka magurudumuni linataka mvuto sawa na uzito wake, mpaka kwenye matao mara mbili, mpaka kwenye bodi mara tatu. Kila koleo moja la mchanga unalotoa linapunguza hesabu hiyo, kwa hiyo chimba kabla ya kuvuta. Tumia pingu ya chuma iliyopigwa muhuri wa tani 3.25 au 4.75, pini kaza kwa vidole, kisha irudishe robo mzunguko ili isigande.

Mkanda wa nailoni unaovutika huachwa ulegee mita moja au mbili, gari la kuvuta likaondoka taratibu kama kilomita 10 kwa saa, na mvutiko wenyewe ukafanya kazi. Majaribio matatu, yakishindwa rudi kwenye koleo. Mnyororo, waya au kamba isiyovutika hainyakuliwi: ikazwe kwanza, ndipo ivutwe polepole. Weka gunia lenye mchanga katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Watazamaji, na visiwani hawakosekani, wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Mikanda miwili ikiunganishwa, pitisha kitanzi ndani ya kitanzi na uweke kipande cha mti katikati, si pingu.

Mwenye winchi ya mkono asifunge kwenye mnazi ulioinama, mizizi yake ni mifupi. Mwembe ni bora, mkanda mpana uwe chini kabisa ya shina. Mkarafuu ni mali ya mtu; omba. Pasipo na mti, zika tairi ya akiba kwenye handaki la kina cha mita moja lililokatiza mwelekeo wa kuvuta, mkanda ukipita ndani ya rimu na kutoka kwa mfereji mwembamba.

Maji yakifika

Yakikaribia kizingiti cha mlango na gari halijatoka, toa waya wa hasi wa betri, fungua kompyuta ya gari kama unaifikia, na funga gari kwa nanga lisielee. Likitolewa, usiwashe. Maji hayashindiliwi, silinda yenye maji hupinda koni rodi kwa mzunguko mmoja wa stata.

Siku hiyohiyo jaza maji baridi yasiyo na chumvi kila mahali bahari ilipofika, viti na zulia vikiwa vimetolewa. Stata na altaneta zishuke, zifunguliwe, zisuuzwe, zikauke juani. Soketi za nyaya zifunguliwe moja moja, zisuuzwe, zikauke, zipakwe grisi ya umeme. Toa plagi, zungusha injini kwa spana kwenye puli mizunguko miwili mpaka maji yaishe, kisha kijiko cha chai cha oili kwa kila silinda. Mwaga oili ya injini, giaboksi, transfa na difu. Jaza oili ya bei nafuu, washa dakika kumi bila mzigo, mwaga tena, ndipo uweke oili nzuri na filta mpya. Dramu zifunguliwe, beringi zote zipewe grisi mpya. Baada ya kilomita 500 fungua nati za difu uchovye kidole tena. Zikiwa na weupe wowote, mwaga mara ya tatu.